Alama ya Kidole ni Dalili, Hukumu ni Amana



Himdi zote zamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyemuumba mwanadamu akampambanua kila mmoja na mwenziwe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wasomaji wetu wapendwa, kila kijana wetu atimizapo miaka 18 huenda kutafuta kitambulisho, na huko vidole vyake huchukuliwa alama, kimoja baada ya kimoja. Mwenye kuomba cheti cha tabia njema ili apate kazi hapa nchini au katika nchi za Ghuba hupitia njia hiyo hiyo. Jambo hili tumelizoea mno hata hatuulizi lilianzaje, wala alama hiyo ina uzito gani siku iletwapo mbele ya hakimu. Nasi twaona ni wajibu tuulize, kwa kuwa siku hizi si nadra kumsikia mtu akisema, "Sayansi imethibitisha," akidhani kwamba kwa neno hilo shauri limekwisha. Je, limekwisha kweli?

Katika Surat al-Qiyama, Mwenyezi Mungu anawajibu wale waliodhani kwamba mifupa iliyooza haiwezi kukusanywa tena, na katika jawabu hilo anazitaja ncha za vidole. Wafasiri wa mwanzo waliifahamu Aya hiyo kuwa yaonyesha uwezo Wake wa kuvirudisha hata viungo vidogo kabisa vya mwili. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wameongeza kwa kusema kuwa ncha ya kidole ndiyo imtofautishayo mtu na mwenziwe. Sisi hatudai kuwa Qur'ani ilishuka ili kuwafunza askari kazi ya upelelezi. Imeshuka kuwa uwongofu. Lakini Muislamu aisomapo Aya hiyo kisha akakitazama kidole chake, ana haki ya kusita kidogo na kumtukuza Muumba wake.

Mistari hiyo huanza kujichora mtoto akiwa tumboni mwa mamake, takriban mwezi wa tatu wa mimba, na huwa imekamilika kabla ya mwezi wa saba. Haifuati nasaba peke yake. Mkao wa mtoto tumboni, maji yanayomzunguka na kasi ya kukua kwa vidole vyake, vyote huacha athari. Ndiyo maana hata mapacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili hutofautiana alama. Mistari hiyo hukua pamoja na mtu, lakini mpangilio wake haubadiliki. Jeraha la juu juu likipona, hurudi kama ilivyokuwa. Wataalamu wameigawa katika sura kuu tatu: vitanzi, ambavyo ndivyo vingi zaidi, kisha miviringo, kisha matao, ambayo ni machache. Na kwa kuwa ngozi ya kidole hutoa jasho, kila tushikapo bilauri, kitasa au kioo twaacha nakala isiyoonekana kwa urahisi, mpaka mtaalamu ainyunyizie unga laini ndipo ijitokeze.

Safari ya alama kutoka Bengal

Watu wa kale waliijua alama hii kwa namna yao. Wachina waliibonyeza kwenye mihuri ya udongo karne nyingi zilizopita. Lakini kuifanya njia ya serikali ya kumtambua mtu kulianza Bara Hindi, zama za utawala wa Waingereza. Mwaka 1858, huko Jangipur katika jimbo la Bengal, afisa aitwaye William Herschel aliandikiana mkataba na Rajyadhar Konai, mkandarasi wa vifaa vya kutengenezea barabara. Kwa kuchelea mkandarasi asije akaukana mkataba, Herschel alimpaka wino kiganjani na kumtaka aupige mkono wake nyuma ya karatasi. Nia ya siku hiyo ilikuwa kumtisha tu. Miaka ilivyopita, Herschel akatambua kwamba alama za mtu hazibadiliki, na mwaka 1877 huko Hooghly alizitumia kwa wastaafu wapokeao pensheni, ili aliyekwisha kuzikwa asije akaendelea kupokea fedha kwa mikono ya jamaa zake.

Wakati huo huo daktari wa Kiskoti, Henry Faulds, alikuwa akifanya kazi katika hospitali moja mjini Tokyo. Aliona alama za vidole vya wafinyanzi kwenye vyungu vya kale, akaanza kuzichunguza. Mnamo Oktoba 1880 alichapisha barua katika jarida la Nature la Uingereza akipendekeza zitumiwe kuwatambua wahalifu. Katika barua hiyo alitaja tukio moja ambalo twapenda msomaji alihifadhi: alama za vidole vyenye masizi zilizoachwa na mtu aliyekwea ukuta mweupe zilisaidia kama ushahidi wa kukanusha. Tangu siku zake za mwanzo kabisa, basi, elimu hii ilijulikana kuwa na kazi mbili. Humwonyesha mkosaji, na humtoa asiye na kosa.

Kazi hizo mbili zilionekana kwa pamoja nchini Argentina. Juni 1892, katika mji wa Necochea, watoto wawili wa mwanamke aitwaye Francisca Rojas walikutwa wameuawa nyumbani. Mama huyo alimtaja mwanamume mmoja waliyejuana naye, jina lake Velázquez. Mtu huyo alikamatwa akateswa ili akiri, naye hakukiri. Kisha akaja Inspekta Álvarez kutoka La Plata, ambako afisa wa polisi Juan Vucetich alikuwa ameanzisha masjala ya alama za vidole. Álvarez aliona kwenye mlango doa la damu lenye alama ya kidole gumba. Alikikata kile kipande cha mbao, akakilinganisha na kidole cha mama mwenyewe. Vikaafikiana. Mama akakiri kuwa ndiye aliyewaua wanawe, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Laiti si lile doa, mtu asiye na kosa angeangamia kwa neno la mzazi aliyekuwa akilia mbele ya watu.

Hapo palibaki tatizo moja. Kuwa na alama za watu elfu si kazi. Kazi ni kuipata moja kati ya elfu hizo kwa haraka. Tatizo hilo lilitatuliwa Calcutta, na aliyeshika sehemu kubwa ya kazi hiyo alikuwa ndugu yetu Muislamu. Qazi Azizul Haque alikuwa mwana wa Bengal aliyesoma hisabati katika Chuo cha Presidency. Hilo jina "Qazi" ndilo neno letu la "Kadhi". Yeye na mwenzake Mhindu, Hem Chandra Bose, walifanya kazi chini ya Edward Henry, Inspekta Mkuu wa Polisi wa Bengal. Fikra ya Haque yaeleweka hata na mtoto wa shule: kila kidole ama kina mviringo ama hakina. Ukizihesabu hali hizo mbili kwa vidole kumi, unapata mafungu 1,024, yaani kabati yenye safu 32 kwenda chini na 32 kwenda upande. Karatasi ya kila mtu huwekwa katika fungu lake, na mwenye kutafuta hana haja ya kufungua kabati zima.

Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ilianza kazi Calcutta. Julai 1901 Scotland Yard mjini London nayo ikafungua yake, na utaratibu huo ukaenea katika himaya yote ya Uingereza kwa jina la Henry. Haque alipewa cheo cha Khan Bahadur na bakshishi ya rupia 5,000, na baadaye Henry mwenyewe alikiri kwa maandishi mchango wake mkubwa. Lakini jina lililobaki vitabuni ni la bwana mkubwa. Twalitaja hili ili watoto wetu wa madrasa na wa shule wajue kwamba hisabati wanayoilalamikia kila jioni iliwahi kumfikisha Muislamu kama wao mahali ambapo polisi wa dunia nzima walimhitaji.

Mwaka 1905 alama moja ya kidole gumba, iliyopatikana ndani ya sanduku la fedha huko Deptford, London, iliwafikisha kitanzini ndugu wawili wa ukoo wa Stratton kwa kumuua mzee mwenye kusimamia duka la rangi pamoja na mkewe. Ndiyo kesi iliyoijulisha elimu hii kwa umma wa Uingereza. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Faulds, yule yule aliyeipigia mbiu miaka 25 kabla, aliusaidia upande wa utetezi. Hakuacha kuiamini elimu yake. Alichelea kuhukumiwa mtu kwa alama ya kidole kimoja tu.

Huku kwetu alama ya kidole haikuingia kupitia kesi za mauaji. Iliingia kupitia kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikia miaka 16 abebe cheti chenye alama ya vidole vyake na maelezo ya waajiri wake, nacho hutiwa ndani ya kijikopo cha chuma kinachotungikwa shingoni. Aliyetoroka shamba la mzungu alitafutwa kwa alama hiyo. Watu waliuchukia mtindo huo, na Harry Thuku na wenziwe waliupinga waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Elimu iliyomwokoa Velázquez kule Argentina ikawa hapa kamba ya kumfungia kibarua. Chombo ni kile kile; kilichobadilika ni mkono uliokishika na nia iliyoko moyoni.

Kanzu mbili za Nabii Yusuf (A.S.)

Je, sheria yetu yasemaje kuhusu dalili za namna hii? Wako wadhanio kwamba Uislamu haujui ushahidi ila mashahidi wa kuona kwa macho na kukiri kwa mkosaji. Hao hawajaisoma kwa makini Surat Yusuf. Mke wa bwana wa Misri alipomsingizia Yusuf, shahidi kutoka katika jamaa zake huyo mke hakusema kwamba ameona lolote. Alisema tu kanzu itazamwe: ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke ni mkweli, ikiwa imechanwa kwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Ikatazamwa, ikaonekana imechanwa kwa nyuma. Huo ni uchunguzi wa kitaalamu kwa kila maana ya neno, nao Qur'ani imeusimulia bila ya kuukemea.

Katika Sunna nako, Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia kwake akiwa na furaha usoni, kwa kuwa Mujazziz al-Mudliji, mjuzi wa kusoma nyayo na maumbile, alikuwa amezitazama nyayo za Zayd na mwanawe Usama wakiwa wamejifunika, akasema nyayo hizo ni za nasaba moja. Watu walikuwa wakiitilia shaka nasaba hiyo kwa sababu ya tofauti ya rangi zao. Jicho la mjuzi likaziba midomo ya wasengenyaji. Na Imam Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 wa Miladi, alitunga kitabu kizima, al-Turuq al-Hukmiyya, akieleza namna kadhi anavyoweza kutegemea qarina, yaani dalili za mazingira, ili haki za watu zisipotee.

Lakini katika sura hiyo hiyo ya Yusuf imo kanzu nyingine, na wengi huipita haraka. Ni ile iliyoletwa na ndugu zake kwa baba yao ikiwa na damu. Damu ilikuwepo, hapana aliyeikana. Kanzu ilikuwa ya Yusuf kweli. Mashahidi walikuwa kundi zima, nao walikuja wakilia. Juu ya yote hayo, habari ilikuwa ya uongo. Wafasiri wanasimulia kwamba Nabii Yaqub (A.S.) aliigeuza kanzu akaiona haikuraruliwa, akashangaa mbwa mwitu wa namna gani huyo amlaye mtoto asichane nguo yake. Aliitazama dalili yenyewe, hakutosheka na maelezo ya walioileta.

Kanzu moja ilisema kweli na nyingine ilisemeshwa uongo. Tofauti haikuwa katika kitambaa. Ilikuwa katika uaminifu wa mwenye kuileta na makini ya mwenye kuisoma. Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji alishike: alama ya kidole haina ulimi, na asemaye kwa niaba yake ni binadamu.

Siku wataalamu walipokosea

Asiyeamini na alitazame tukio la Brandon Mayfield. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka ndani ya treni za abiria mjini Madrid, Uhispania, yakaua watu zaidi ya 190. Polisi wa Uhispania walipata mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu ndani ya gari karibu na stesheni ya Alcalá de Henares, na juu ya mfuko huo palikuwa na alama ya kidole. Picha yake ilitumwa Marekani. Kompyuta ya shirika la upelelezi la FBI ilitoa majina 20 ya watu wenye alama za kukaribiana nayo. Mmoja wao alikuwa Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, aliyewahi kuwa mwanajeshi, na ndiyo maana alama zake zilikuwamo masjalani.

Mtaalamu wa kwanza akasema ni yeye. Wa pili akasema ni yeye. Wa tatu akaafiki. Hata mtaalamu wa nje, aliyeteuliwa na mahakama kwa ombi la utetezi, akasema ni yeye. Mayfield alikuwa amesilimu, mkewe alikuwa Muislamu mzaliwa wa Misri, na aliwahi kumwakilisha katika shauri la malezi ya mtoto mtu aliyepatikana na hatia katika kesi ya ugaidi. Nyumba yake ilipekuliwa kwa siri. Mapema Mei akakamatwa, ingawa Wahispania walikuwa wamekwisha kuandika tangu Aprili kwamba kwa uchunguzi wao alama hizo haziafikiani, na ingawa hapakuwa na ushahidi wowote kwamba alikuwa ametoka nje ya Marekani kwa miaka mingi.

Alikaa kizuizini wiki mbili. Kisha polisi wa Uhispania wakamtambua mwenye alama: raia wa Algeria aitwaye Ouhnane Daoud. Mayfield akaachiliwa, FBI ikamwomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2.

Ripoti ya wakaguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani ilieleza kosa lilivyotokea, na haki yatutaka tuieleze kama ilivyo. Wataalamu hawakuijua dini ya Mayfield walipoifananisha alama mara ya kwanza. Walikosea kwanza kwa sababu alama mbili zilifanana mno, na kwa sababu, baada ya kuiona alama ya Mayfield iliyo safi, walirudi kwenye ile ya mfukoni iliyofifia wakaanza "kuona" humo mistari waliyokwisha kuitarajia. Lakini baada ya dini yake na jamaa zake kujulikana, jambo hilo huenda lilichangia wasirudi nyuma na kulipima upya neno lao hata Wahispania walipopinga. Yaani jicho lilikosea kwanza, kisha dhana ikalizuia lisijisahihishe.

Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyosema kuwa madai ya baadhi ya wataalamu kwamba ulinganishaji wa alama hauna makosa hata kidogo hayana msingi wa kisayansi. Ripoti haikusema alama za vidole hazifai. Ilisema mwanadamu azisomaye aweza kukosea, na mahakama iambiwe hivyo.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba elimu hiyo hiyo ya uchunguzi yaweza pia kusahihisha makosa ya namna nyingine. Mnamo Septemba 1984 mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa chembechembe za urithi zilizomo katika damu, mate au nywele, ambazo wengi wetu twazijua kwa jina la DNA. Miaka miwili baadaye polisi wa eneo hilo walimshika kijana wa miaka 17, naye akakiri kumuua msichana mmoja. Polisi walimshuku pia kwa kifo cha msichana mwingine aliyeuawa mwaka 1983. Walimwendea Jeffreys athibitishe. Akathibitisha kwamba wasichana wote wawili waliuawa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo si kijana aliyekiri. Muuaji wa kweli, Colin Pitchfork, alihukumiwa Januari 1988. Mtu wa kwanza kuguswa na elimu hiyo katika kesi ya mauaji, basi, alikuwa asiye na kosa, na aliyekuwa karibu kumwangamiza ni ulimi wake mwenyewe. Fuqaha wetu hawakubali ikrari ya aliyelazimishwa, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, alipojiwa na Maiz akikiri kosa zito, alimgeuzia uso mara kadhaa na kuuliza kama ana akili timamu.

Turudi majumbani mwetu

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya Madrid na Leicester. Hayako mbali hivyo. Bangili za dhahabu zikipotea nyumbani, wa kwanza kutazamwa ni nani? Ni yule binti wa kazi, kwa sababu tu ni maskini na ni mgeni. Fedha za harusi zikipungua, hutajwa mkwe asiyependwa. Na badala ya kutafuta dalili, wengine huenda kwa mpiga ramli wakatajiwa herufi ya mwanzo ya jina la mwizi, au humsomea mtu Halbadiri kwa dhana tupu. Nyumba ngapi zimevunjika, na ndugu wangapi hawazikani, kwa herufi moja iliyotajwa na mtu asiyejua hata mlango wa nyumba uko upande gani? Ikiwa wataalamu wanne wenye vioo vya kukuzia walimkosea Mayfield, mpiga ramli ana kioo gani?

Kisha zile kelele za "mwizi!" sokoni na vituoni. Kijana hupigwa mpaka roho ikatoka kabla hajaulizwa jina. Hakuna alama iliyochukuliwa, hakuna shahidi aliyeapishwa, na kesho yake yawezekana ikabainika kwamba simu iliyodaiwa kuibwa ilisahauliwa nyumbani. Damu hiyo ni dhima ya kila aliyeinua jiwe. Kanuni ya fuqaha ni kwamba adhabu za hudud huondolewa na shaka, na katika Hadithi sahihi Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba lau watu wangepewa kila wanachodai kwa kudai tu, wako ambao wangedai damu na mali za wenzao.

Kwa hiyo twawausia jamaa zetu mambo machache.

Kwanza, ukipatwa na wizi au uhalifu nyumbani, usisafishe wala usipangepange vitu, na uwazuie majirani wasimiminike ndani. Tia kufuli chumba, ripoti kituoni, na uwasihi maafisa wachukue alama. Pole za majirani ni njema, lakini mikono ishirini kwenye kitasa kimoja huzifuta dalili.

Pili, usimtaje mtu kwa dhana, hata kwa kunong'ona. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Surat al-Hujurat tujiepushe na dhana nyingi, na tuichunguze habari iletwayo na fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Ujumbe wa simu wenye picha ya kijana na neno "jihadharini naye" unaingia katika onyo hilo.

Tatu, mzazi ambaye mwanawe ameshikwa asimtoe thamani siku hiyo hiyo, wala asitoe hongo gizani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama. Kifungu cha 50 chamhesabu kuwa hana kosa mpaka lithibitishwe. Jamaa waulize kwa adabu: dalili ni ipi, nani ameisoma, na je, mwingine ameisoma naye bila kuambiwa jibu la mwenziwe?

Nne, twawahimiza vijana wetu wanaopenda sayansi waifikirie kazi hii. Maabara zahitaji watu wamchao Mwenyezi Mungu, wawezao kusema "sina hakika" hata mkubwa akitaka jibu la haraka. Haque wa Bengal alikuwa kijana wa chuo alipoanza.

Mwisho, tukumbuke kwamba iko mahakama moja tu ambayo dalili zake hazihitaji mtaalamu wa kuzisoma. Qur'ani imetueleza kwamba siku hiyo midomo itafungwa, mikono itasema na miguu itashuhudia yaliyochumwa. Siku hiyo kidole hakitasemewa na mtu. Kitasema chenyewe, nacho hakitakosea. Kabla haijafika, sisi tunaohukumiana hapa duniani kwa macho mafupi na vifua vyenye chuki tuwe wazito wa kuhukumu na wepesi wa kuchunguza.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Zihifadhi nyumba zetu na dhuluma, ya kudhulumu na ya kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.